Binti wa Makanika na Neno la Kiingereza

"Mwanangu, huo muhuri uko wapi?"

Fundi aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa ameinamia pampu ya maji aliyoifumua, na karatasi yangu ilikuwa juu ya meza ya kazi, tayari ina alama za vidole vyenye grisi. Tulikuwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye karakana yenye upana wa milango miwili, nje mikokoteni inapita na wasukumaji wanapaza sauti watu wapishe. Kwenye karatasi ile, kwa Kiswahili changu mwenyewe, imeandikwa: Kagua muhuri wa kimashine kila baada ya miezi sita.

Maelekezo ya pampu ile niliyatafsiri mimi, kwa muuzaji mmoja aliyetaka kila pampu itoke dukani na karatasi ya Kiswahili. Niliipenda kazi ile. Pampu mojawapo ikaenda kwenye kisima cha Kitunda anakochota maji shangazi yangu. Kijana anayeiendesha aliisoma karatasi vizuri tu. Akaizunguka pampu akitafuta muhuri, akaona kibandiko cha dukani ubavuni, hakijachubuka, akaridhika. Maji yakaanza kuvuja kwenye shafti kidogo kidogo, hakuna aliyejua maana yake. Baadaye pampu ikakauka na kuendelea kuzunguka hivyo hivyo mpaka ikaanza kulia. Mtaa ule ulinunua maji ya boza siku nne. Shangazi hakunilaumu, hakujua kama karatasi ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia, na nikaomba niende na pampu kwa fundi.

Fundi akachomoa kitu kidogo kwenye shafti akakiweka kiganjani mwangu. "Hii ndiyo yenyewe. Sisi tunaita sili. Ukienda dukani sema mekanikali sili, watakupa."

Ni pete mbili, moja nyeusi ya kaboni na moja nyeupe ya kauri, na springi ya kuisukuma moja iegemee nyingine. Moja inakaa kwenye shafti na kuzunguka nayo, ya pili inakaa kwenye hauzingi, ganda la pampu, na haitikisiki. Nyuso zake zinazokutana zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama kioo. Katikati yake unaingia utando wa maji mwembamba mno, na utando huo ndio unaozilainisha zisisagane. Maji yakiisha utando unakatika, kaboni inasuguana na kauri ikiwa kavu, joto linapanda, na haichukui muda sili imekufa. Akaniambia nipitishe ukucha juu ya ile pete nyeusi. Ilikuwa na mikwaruzo ya duara, mstari ndani ya mstari, kama sahani ya santuri.

Nikamuuliza kwa nini inaitwa mekanikali, maana pampu nzima ni mashine, kila kilichomo si kina haki ya jina hilo? Akafikiri kidogo. "Zamani tulikuwa tunashindilia kamba," akasema. Kamba zenyewe, pakingi, zimepakwa grafiti, unazizungushia shafti, kisha unakaza nati kwa spana. Maji yakizidi kuvuja unakaza tena. Ukikaza sana shafti inaungua, kwa hiyo unaacha maji yadondoke kidogo makusudi. "Ile unaikaza wewe. Hii inajikaza yenyewe kwa springi."

Nimesoma kamusi nyingi katika kazi hii, na sijawahi kupata maelezo ya neno mechanical yaliyonisaidia kama hayo.

Kosa la muhuri ni la nomino, na kosa la nomino hurekebishika upesi. Kwa Kiingereza vyote viwili ni seal, lakini muhuri si sili, basi. Lililonisumbua njiani, nikiwa kwenye daladala kurudi Temeke, ni kile kivumishi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya tafsiri, kila nilipokutana na mechanical niliandika kimashine, au -a mashine, au kimekanika nikiwa na haraka, na kusonga mbele. Sikuwahi kusimama kuuliza mwandishi amemaanisha nini. Na mimi ni mtoto wa makanika.

Baba alikuwa na gereji Ilala, chini ya mwembe, kwa miaka mingi. Gereji za Dar es Salaam zina mgawanyo wake wa kazi ambao kila mwenye gari anaujua: kuna fundi makanika, fundi umeme, fundi bodi, fundi rangi. Gari likija limekataa kuwaka, swali la kwanza ni moja tu, mekanikali au umeme? Baba alikuwa anamwambia mwenye gari apige stata huku yeye amesimama pembeni, mikono nyuma, anasikiliza. Kama stata haizunguki kabisa, anaita mwenzake wa umeme. Kama injini inazunguka, anachomoa plagi aone cheche, ananusa kama mafuta yanafika, anaziba tundu la plagi kwa kidole gumba asikie pumzi ya silinda inavyomsukuma. Kidole kisiposukumwa, anasema neno lile, na mwenye gari anajua pesa itamtoka.

Pale chini ya mwembe mekanikali ilikuwa na maana iliyonyooka: si umeme. Chuma, mafuta, mpira, springi, chochote kinachosukuma au kusukumwa. Sasa chukua neno hilo hilo ulitoe gereji.

Lipeleke shambani. Mabwana shamba wanaoandika kwa Kiingereza wanagawa njia za kupambana na magugu, ipo ya kemikali, yaani kupulizia dawa, na ipo ya mechanical, yaani kuyang'oa na kuyakata. Palizi ya jembe la mkono iko humo. Bibi anayepalilia mihogo yake Mkuranga kwa jembe, kwa lugha ya kitabu hicho, anafanya palizi ya mechanical. Lakini fungua kitabu cha pili, cha sera ya kilimo. Pale wanazungumzia trekta na pawatila, na jembe la mkono ndilo linalotakiwa kuachwa. Bibi yule yule na jembe lile lile sasa yuko upande wa pili wa neno. Kitabu cha kwanza kililiweka neno likabiliane na dawa, cha pili kimeliweka likabiliane na mkono. Niliandika kimashine kwenye vyote viwili. Msomaji wa kile cha kwanza atakuwa alidhani anaambiwa akanunue mashine ya kupalilia.

Lipeleke tumboni. Mmeng'enyo wa chakula wanaugawa mara mbili, ule wa kemikali unaofanywa na mate na asidi ya tumbo, na ule wa mechanical. Huu wa pili unaanza na meno. Ukitafuna muwa umeshaanza. Hakuna mashine hapo.

Lipeleke kwenye hewa, ambako limenitatiza kuliko kwingine, kwa sababu maneno ya Kiingereza ni yale yale mawili na mambo ni mbalimbali kabisa. Kwenye ramani ya jengo, mechanical ventilation ni feni na mabomba ya kuvuta hewa badala ya madirisha. Hospitalini ni mashine ya kupumulia, mtu amelazwa na pumzi yake inasukumwa kwa mpira. Mfasiri asiyetazama ukurasa mzima anaweza kumwekea mgonjwa feni.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa alichoniambia fundi wa Gerezani. Hakunipa maana ya neno. Alinionesha linakabiliana na nini, na kwenye pampu linakabiliana na kamba inayokazwa kwa mkono. Siku hizi nikilikuta natafuta mshindani wake kwanza, hata kama hakutajwa ukurasani. Nikishampata, Kiswahili kinakuja chenyewe, na mara nyingi hakina neno mashine ndani yake: palizi ya kung'oa, chakula kusagwa kwa meno, jengo la kuvuta hewa kwa feni.

Saa ndiyo mfano ninaoupenda. Duniani wanasema mechanical watch, kuitenganisha na ile ya betri. Ndani ya ile ya betri kuna kipande cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na Seiko ndio walioiingiza sokoni saa ya mkononi ya kwanza ya kwatsi, Desemba 1969. Ile nyingine ina utepe wa chuma uliokunjwa, unaoujaza nguvu kwa kuuzungusha, nao unajikunjua polepole ukiendesha magurudumu ya meno. Waswahili hawakuhitaji kivumishi chochote. Wanasema kutia saa ufunguo. Saa ya kutia ufunguo. Jina limeanzia kwenye mkono wa mtu kila asubuhi, halikujali ndani kuna nini.

Mfano mwingine ulinijia nyumbani. Kijana wa jirani anaimba, sauti anayo, na kampuni moja ilimletea mkataba wa kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kile kipengele cha mechanical royalties ni mambo ya vyombo, bendi na mashine za studio, kwa kuwa yeye anatumia biti ya kompyuta hakimhusu, asaini tu. Tulikaa barazani nikamsomea. Kipengele kile hakihusu vyombo hata kidogo. Historia yake inaanzia kwenye piano zilizokuwa zinajipiga zenyewe kwa kusoma roli za karatasi iliyotobolewa matundu. Watunzi wa Marekani walilalamika kwamba nyimbo zao zinauzwa kwenye roli hizo bila wao kupata kitu. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema roli si nakala ya wimbo, maana mtu hawezi kuisoma kwa macho. Mwaka uliofuata Bunge lao likatunga sheria: kila nakala itakayotengenezwa ya kupigwa na mashine, mtunzi alipwe senti 2. Senti hizo 2 zilibaki hivyo hivyo mpaka 1978. Roli zikaondoka, zikaja santuri, kaseti, sidii, na sasa wimbo unaosikilizwa kwenye simu, ila jina limeng'ang'ania pale pale.

Kwa hiyo mechanical ya mkataba ule ni malipo ya kunakili utunzi wake, kila unaponakiliwa. Ilimhusu yeye kuliko kipengele kingine chochote. Nilimwandikia pembeni kwa kalamu, malipo ya kila nakala ya utunzi, akakaa kimya muda mrefu. Hakusaini siku ile. Nina uchungu na watu wanaompa kijana karatasi asiyoielewa na kumtafsiria kwa namna inayowafaa wao. Mimi nimekosea kwa uvivu na watu wakakosa maji. Kuna wanaokosea huku wanajua.

Sasa nifike kwenye maana niliyokuwa naikwepa.

Kiingereza kina mechanical ya mtu. Mwanafunzi amejibu mechanical, mwimbaji ameimba mechanical, mtu ametabasamu mechanical. Maana yake amefanya bila moyo wala akili, mwili umekwenda peke yake. Kwa maana hii Kiswahili tumejitosheleza: kukariri, kuimba kama kasuku, kufanya kwa mazoea, kutimiza wajibu. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa anaikumbuka sauti ya darasa zima likisimama kumwamkia mwalimu kwa Kiingereza, kwa mwimbo mmoja usiobadilika tangu darasa la kwanza mpaka la saba, na wengi wetu tulikuwa hatujui neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Hiyo nakubali iitwe hivyo.

Nisichokubali ni njia ambayo neno lilipita kufika hapo, maana lilipita juu ya migongo ya watu kama baba.

Asili yake ni Kigiriki. Mēkhanē lilikuwa neno la ujanja, la mbinu, la kifaa kilichobuniwa kutatua jambo lililoshindikana. Kwenye michezo ya kuigiza ya Athene liliitwa hivyo winchi lililokuwa linamnyanyua mwigizaji wa mungu na kumshusha jukwaani. Kwa Kilatini likawa machina, na humo ndimo ilimotoka mashine yetu, na makanika wetu pia, ndugu wa tumbo moja. Nilifurahi nilipoona Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo bila kuazima kwa mtu. Mtambo, neno tunalotumia kwa jenereta na kwa kiwanda kizima, kamusi za zamani zinautaja kama springi, ile ya mtego inayofyatuka na ile ya bunduki. Mtu alikaa porini akafikiria mnyama atapita wapi na atakanyaga nini, akapinda mti. Huo ni ujanja kabla haujawa chuma. Hata leo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba umekamatwa mtambo wa gongo, ni pipa, mpira na maji ya kupoozea, hakuna gurudumu linalozunguka, lakini mtambo ni mtambo kwa sababu mtu ameubuni ufanye kazi.

Huko Ulaya neno likateremka daraja. Wasomi wa zama za kati waligawa maarifa mafungu mawili, ya watu huru na ya mechanical. Katika karne ya 12, Hugo wa Mtakatifu Viktor pale Paris aliorodhesha saba za fungu la pili: ufumaji, uundaji wa silaha na majengo, usafiri wa baharini na biashara, kilimo, uwindaji, utabibu, maigizo. Yeye mwenyewe alizipa heshima yake. Lakini mgawanyo ulikaa kichwani mwa watu kwamba kuna kazi za akili na kuna kazi za mikono, na hizi za mikono, utabibu ukiwemo, ziko chini.

Ukifika kwa Shakespeare neno limeshakuwa la kumwita mtu. Mchezo wake wa Julius Caesar wa 1599 unaanza na wakubwa wawili wa Roma wanawafokea watu mitaani. Mmoja anawauliza kwani hawajui kwamba wao, kwa kuwa ni mechanical, hawaruhusiwi kutembea siku ya kazi bila alama ya kazi yao? Wewe, kazi yako nini? Seremala, bwana. Anayefuata ni fundi viatu, na huyo anajibu kwa maneno ya mafumbo mpaka mkubwa anakasirika. Neno mechanical pale halina chuma wala gurudumu. Maana yake ni watu wa kazi za mikono, na linasemwa kwa sauti ya kuwafukuza.

Mchezo ule ndio Mwalimu Nyerere alioutafsiri. Ulitoka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, akaurudia kuusahihisha, ukatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Nimefikiri sana juu ya meza ile na mtu yule. Ana nchi changa ya kuongoza, na usiku anakaa na karatasi. Sentensi za mwanzo kabisa zinazomngoja ni za wakubwa wanaowadharau mafundi. Anayeufungua mchezo ule kwa Kiswahili anakutana na seremala na fundi viatu kabla hajamwona Kaizari mwenyewe.

Na lugha aliyokuwa anaipeleka dharau ile haikuwa na mahali pa kuiweka. Hili ndilo ninalotaka kulisema tangu mwanzo. Fundi kwa Kiswahili si mtu wa chini. Neno hilo limetoka nyumba moja na kufunda na kufundisha. Bibi harusi anafundwa, mwanafunzi anafundishwa, na fundi ni aliyefundwa akaiva. Tunasema fundi wa kusema, fundi wa mapishi. Timu za mpira zina benchi la ufundi, na mshabiki wa Simba au Yanga akisema goli lile lilikuwa la kiufundi, anasifu akili iliyokuwa mguuni. Katika neno letu hakuna ukuta kati ya kichwa na mkono. Ndiyo maana serikalini na vyuoni tunaweza kusema fundi mchundo, fundi sanifu, mpaka kwa mhandisi mitambo, na wale wawili wa kwanza wakabaki mafundi bila kuona haya.

Najua yupo atakayesema mbona mitaani watu wanadharau mafundi, wanawaita waongo, "njoo kesho" haiishi? Kweli, na baba aliwahi kusema njoo kesho. Lakini hayo ni malalamiko juu ya mtu na ahadi yake. Hakuna anayesema fundi ametengeneza vibaya kwa sababu ametumia mikono.

Nikumbuke kitu kimoja cha baba. Land Rover 109, mfuniko wa vali umeondolewa, anapima tapeti. Mkononi ana fila gechi, zile bapa nyembamba za chuma zilizofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila moja na unene wake. Anachagua ya milimita 0.25, anaichomeka kati ya roka na vali, anaivuta. Anasema inatakiwa iteleze kwa kushikwashikwa, "kama unavuta karatasi chini ya kitabu chepesi." Ikiwa huru anageuza skrubu kwa bisibisi nyuzi chache, anaivuta tena, anakaza nati huku bisibisi imeshikilia isigeuke, anavuta mara ya tatu kwa sababu nati ikikazwa huwa inasogeza kipimo. Vali nane. Zikifika ya nne au ya tano alikuwa haangalii tena. Anaongea na wateja, anauliza habari za nyumbani, na mkono unaendelea peke yake. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na kitu na Kiingereza kipya cha sekondari, ningeweza kumwita mechanical, na kwa Kiingereza ningekuwa sahihi kwa maana zote mbili kwa mpigo.

Kwa Kiswahili tulisema mkono umezoea. Ni sifa. Maana yake akili haijaondoka, imeshuka ikakaa vidoleni. Injini ile ikiwashwa, alikuwa anasikia vali moja iliyolegea katikati ya sentensi ya mtu mwingine, ananyanyua kidole, "ngoja."

Nimelifikiria hili kwa sababu nyingine pia, ya kazi yangu. Mwaka 1770 huko Vienna, Wolfgang von Kempelen alimletea malkia Maria Theresa mashine ya kucheza sataranji, sanamu la mtu aliyevaa kituruki ameketi nyuma ya kabati. Lilioneshwa Ulaya na baadaye Marekani kwa miaka mingi, Napoleon akacheza nalo 1809. Ndani ya kabati alikuwa amejikunja mtu, mchezaji hodari, anacheza kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 2005 Amazon walipoanzisha soko la vibarua vya mtandaoni, vile vidogo vidogo ambavyo kompyuta haiviwezi, wakaliita kwa jina la sanamu lile, Mechanical Turk. Nimefanya vibarua vya namna hiyo, si kwao, kwa wengine: kusahihisha Kiswahili kilichotoka kwenye programu, sentensi kwa sentensi, kwa malipo ya vocha. Msomaji wa mwisho anaamini mashine imesema. Naona neno limerudi kwenye kazi yake ya zamani, la kumficha mtu aliye ndani.

Mimi mwenyewe, nilipoandika muhuri wa kimashine, nilikuwa ndani ya kabati bila mshumaa. Mkono wangu ulikuwa umezoea, lakini akili haikuwa imeshuka vidoleni, ilikuwa imetoka kabisa. Kati ya mazoea ya baba na mazoea yangu ya siku ile pana tofauti kubwa, na kivumishi cha Kiingereza kinayafunika yote mawili kwa kitambaa kimoja. Nikitafsiri sasa, nikikuta mtu amefanya jambo mechanical, nauliza kama mkono wake umezoea au anakariri tu. Kiingereza hakinilazimishi kuchagua. Kiswahili kinanilazimisha, na ninashukuru.

Wiki iliyopita nilirudi Gerezani na karatasi mpya. Muuzaji alikubali kuchapisha upya, na sikumtoza. Fundi alikuwa anakula, nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na kunawa mikono kabla ya kuishika karatasi, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya. Akasoma kwa sauti, polepole.

"Kagua sili ya shafti kila baada ya miezi sita. Sili ni pete mbili zinazobanana kwa springi, zinazuia maji yasivuje penye shafti. Ukiona maji yanadondoka chini ya shafti, sili imeanza kuchoka. Usiwashe pampu ikiwa kavu."

"Hapo mwisho," akasema, akaweka kidole. "Ikiwa kavu, kijana ataigusa kwa nje aone kama ina unyevu. Mwambie: usiiwashe kabla hujaijaza maji."

Nikatoa kalamu. Alishikilia karatasi isipeperushwe na upepo wa malori nikakata, nikaandika alivyosema.